Koka, Springa au Cavalier? Mwongozo Kamili wa Kuwatofautisha Mbwa wa Spanieli

Mimi ni kinyozi wa mbwa. Nyumbani Tanga wakilisikia hilo hucheka kwanza, halafu huuliza kama kweli nilipanda ndege hadi Uingereza kwa sababu hiyo. Huu ni mwaka wa tisa na bado wanauliza. Mbwa wengi wanaopanda meza yangu ni spanieli: masikio yanayoning'inia, macho ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa, na miguu iliyojaa tope mpaka kwenye magoti.

Wanapendwa sana, na ndio ambao majina yao hukosewa kuliko wote. Mwaka juzi shemeji yangu wa Dar alinitumia picha kwa WhatsApp: kitoto cha mbwa cha majuma saba, cheusi na cheupe, ameuziwa kwa jina la koka. Picha ilipigwa kutoka juu, kitoto kimeinua kichwa, na kwa picha ile hata mimi nisingeapa. Miezi minane ilipofika, mbwa alikuwa na kimo cha sentimita 49. Koka hafiki huko. Shemeji alikuwa amenunua springa, na springa ni mbwa wa kukimbizwa asubuhi na jioni, mvua au jua. Shemeji anakaa ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti.

Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazozifuata mwenyewe mbwa akiingia mlangoni. Rangi nimeiweka nyuma makusudi. Karibu kila mtu huanza na rangi, na hapo ndipo anapopotea.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni spanieli wa kazi gani

Neno spaniel limetoka kwenye Kifaransa cha kale na maana yake ni "wa Uhispania". Kama mbwa wenyewe walitoka huko au ni jina tu, hakuna aliyethibitisha. Lakini daktari John Caius alipoandika kuhusu mbwa wa Uingereza mwaka 1570, tayari aliwagawa spanieli kwa kazi, wa nchi kavu na wa majini, na mpaka leo sijaona njia bora zaidi ya kuanza.

Spanieli halisi ni mbwa wa kukurupusha. Anaingia kichakani mbele ya mwindaji, si mbali, ndani ya umbali ambao bunduki ya marisawa inafika. Anapita kushoto na kulia kama mtu anayefagia uwanja. Ndege akiruka, mbwa anaketi hapo hapo, bunduki inalia, naye anasubiri kutumwa kwenda kuokota. Mwili wake wote umetengenezwa kwa kazi hiyo: mfupi wa kutosha kupenya chini ya miiba, manyoya ya kuzuia michomo, pua isiyochoka, na mdomo laini usiotafuna kilichookotwa.

Kuna wengine wanaobeba jina hilo lakini kazi yao ni nyingine. Wafaransa wana mbwa wanaowaita épagneul, kama yule wa Brittany. Huyu hakurupushi. Akinusa ndege husimama tuli, mguu mmoja hewani, pua ikielekeza. Ndiyo maana mwaka 1982 Wamarekani waliliondoa kabisa neno spaniel kwenye jina lake, akabaki Brittany tu. Halafu wapo wa kupakatwa: Cavalier, King Charles, na Papillon mwenye masikio kama mabawa ya kipepeo. Yule wa Tibet anayeitwa spanieli hana undugu wowote na hawa wa kuwinda. Alikuwa mbwa wa nyumba za watawa, na Wazungu walimpa jina hilo kwa kuangalia masikio.

FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lenye makao Ubelgiji, limewapanga hivyo hivyo: wanaokurupusha wamo kundi la 8, wanaosimama tuli kundi la 7, wa kupakatwa kundi la 9. Ukiona cheti cha mbwa kimeandikwa kundi, umeshamaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Pima kimo

Kimo cha mbwa hupimwa mabegani, si kichwani. Msimamishe sakafuni penye usawa, ubavu karibu na ukuta, kichwa kikiwa kwenye hali yake ya kawaida. Weka kitabu chenye jalada gumu juu ya mabega yake, pale shingo inapokutana na mgongo, kisha piga alama ya penseli ukutani. Mbwa akitoka, pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Ukiwa mbali, omba picha ya ubavuni, kamera ikiwa kwenye usawa wa tumbo la mbwa, na kando yake rula ya shule ya sentimita 30 iliyosimamishwa wima. Picha ya kutoka juu haina faida. Humfanya kila mbwa aonekane kichwa kikubwa na miguu mifupi, na wauzaji wanalijua hilo.

Sasa soma ngazi hii kuanzia chini. Cavalier huwa kati ya sentimita 30 na 33. Koka wa Kimarekani hufika 38, jike pungufu kidogo. Koka wa Kiingereza ni 38 hadi 41. Sussex naye yumo humo humo, 38 hadi 41, ila ni mrefu wa mwili na mzito, kilo 23 hivi, kama kabati lililolazwa. Spanieli wa Field ni 46 hivi. Springa wa Wales ni 46 kwa jike na 48 kwa dume. Springa wa Kiingereza ni 51 hivi, jike akipungua kidogo. Juu ya wote ni spanieli wa majini wa Ireland, 51 hadi 59.

Clumber nimemwacha nje ya ngazi kwa sababu kimo hakimfai, mzani ndio unaomfaa. Kwa kimo unaweza kumchanganya na springa, lakini dume wa Clumber hupita kilo 30 kwa urahisi na wengine hukaribia 38. Kumpandisha mezani tunakuwa wawili.

Kimo peke yake kingemwokoa shemeji, kama angekuwa na mama wa kitoto mbele yake wa kumpima. Kitoto chenyewe hakipimiki. Vya majuma saba vyote ni vimipira.

Hatua ya 3: Kiangalie kichwa kutoka ubavuni

Hapa ndipo koka wawili wanapoachana, na hapa ndipo nilipoaibika.

Wiki yangu ya tatu kazini aliletwa koka wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Mwenyewe alisema "cocker", nami nikamnyoa kama nilivyofundishwa kumnyoa koka: mgongo safi, kichwa safi, miguu nikaipunguza ionekane. Mama mwenye mbwa aliporudi alisimama mlangoni akashika mdomo. Alikuwa Mmarekani, na mbwa wake alikuwa koka wa Kimarekani, yule anayeachiwa sketi ya manyoya mpaka sakafuni. Sketi ile huchukua mwaka mzima kuota. Mimi nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko wa taka.

Nilichopaswa kuangalia ni hiki. Simama ubavuni kwa mbwa, ufuate kwa macho mstari kutoka utosini kushuka hadi ncha ya pua. Koka wa Kiingereza ana mteremko: paji la uso linashuka taratibu, mdomo ni mrefu, na urefu wa mdomo unalingana na urefu wa fuvu. Koka wa Kimarekani ana ngazi: utosi wa mviringo kama nusu chungwa, kisha unashuka ghafla kati ya macho, kisha mdomo mfupi na mpana. Macho yake ni makubwa, ya duara, yanatazama mbele moja kwa moja kama ya mtoto mchanga. Ya yule wa Kiingereza yana umbo la yai kidogo na uso wake una umakini zaidi. Ukishaona tofauti hii mara moja, hutaikosa tena maishani.

Walikuwa mbwa wamoja. Karne ya 19 huko Uingereza hata koka na springa walizaliwa tumbo moja: wadogo waliitwa koka kwa sababu waliwinda ndege aitwaye woodcock, wakubwa wakaitwa springa kwa sababu waliwarusha ndege hewani. Kizingiti kilikuwa ratili 25, yaani kilo 11 na ushee. Mbwa aliweza kuanza mwaka akiwa koka na kuumaliza akiwa kitu kingine kwa sababu ya chakula tu. Ukoo wa koka wa leo hurudishwa kwa dume mmoja mweusi aitwaye Obo, aliyezaliwa 1879. Mwanawe, Obo II, alizaliwa Marekani, na huko wafugaji wakaendelea kuchagua vichwa vya mviringo na manyoya mengi mpaka ndugu wakawa hawafanani. Mwaka 1946 chama cha mbwa cha Marekani kilimtambua koka wa Kiingereza kama aina ya peke yake.

Kutokana na historia hiyo kuna mtego mmoja wa jina. Mwingereza akisema "cocker" bila kuongeza neno, anamaanisha wa kwake. Mmarekani akisema neno lilo hilo, anamaanisha wa kwake, wa aina ya Checkers, mbwa wa Richard Nixon, rais wa baadaye wa Marekani, ambaye alimtaja kwenye hotuba ya televisheni mwaka 1952. Kwa hiyo ukiagiza mbwa kutoka nje au ukisoma tangazo, usiulize kama ni koka. Uliza ni koka wa wapi.

Hatua ya 4: Fuata sikio

Angalia mambo mawili: sikio limeota wapi, na lina ukubwa gani.

Koka wa Kiingereza ana sikio lililoota chini, kwenye usawa wa jicho, na ngozi yake ukiivuta taratibu hufika ncha ya pua. Springa wa Kiingereza vilevile ana sikio refu na pana, lililolala karibu na shavu. Springa wa Wales ana sikio dogo, linalokuwa jembamba kuelekea ncha, umbo kama jani la mzabibu, na manyoya yake si mengi. Watu wengi hutafuta tofauti ya masipringa hawa wawili kwenye rangi, na kweli rangi inasaidia: wa Wales ni mwekundu na mweupe, basi, hana rangi nyingine. Lakini springa wa Kiingereza mwenye kahawia iliyofifia kwa jua anaweza kukudanganya. Sikio halidanganyi. Ukibaki na shaka, mtazame akiwa amesimama: wa Wales ni mwembamba zaidi, mdogo kidogo, na hujitenga na wageni. Wa Kiingereza atakuwa ameshakupandia kifuani.

Hatua ya 5: Sasa rangi, na uitumie kuondoa

Rangi haikwambii mbwa ni nani. Inakwambia ni nani siye.

Mweupe mwenye mabaka ya rangi ya ndimu au chungwa, mzito, kope zimelegea kidogo, anakoroma: hapo wengine wote wameondoka na amebaki Clumber. Jina lake ni la Clumber Park, shamba la ma-Duke wa Newcastle, makabaila wa Kiingereza, katika mkoa wa Nottinghamshire. Nilikwenda siku moja ya mapumziko. Jumba lilibomolewa 1938. Imebaki bustani, ziwa, na njia ndefu ya miti ambayo unaichoka kabla haijaisha. Hadithi ya kwamba mbwa hao walikuwa zawadi ya mkuu wa Ufaransa inasimuliwa kila mahali bila ushahidi. Kilichopo ni picha ya rangi iliyochorwa 1788 na Francis Wheatley, inayomwonyesha Duke wa Newcastle akiwa na spanieli wa namna hiyo. Nilitegemea kuwaona wamejaa pale. Nilimwona labrado na mapudo wawili.

Kahawia yote mwili mzima ndiyo kesi ngumu, kwa sababu wanaoweza kuwa hivyo ni watano au sita. Anza na manyoya. Yakiwa vipotopoto, yaani yamejiviringa, mwili mzima, una spanieli wa majini. Wa Ireland ni mkubwa, kahawia yake imeingia uzambarau, ana kishungi cha vipotopoto kinachoanguka machoni, uso laini usio na nywele ndefu, na mkia wa ajabu: vipotopoto kwenye shina tu, kisha unabaki mwembamba na laini kama wa panya. Mkia huo hauna mwingine. Wa Marekani ni mdogo, 38 hadi 46, manyoya ya mawimbi au vipotopoto, na alikuzwa kwenye mabonde ya mito ya Wisconsin, ambako mbwa mkubwa angeupindua mtumbwi mwembamba wa wawindaji wa bata.

Yakiwa si vipotopoto, angalia umbo. Mrefu wa mwili, miguu mifupi, paji lililokunjwa kama anakudai, na ncha za manyoya zinazometa dhahabu juani: Sussex. Huyu ana tabia nyingine ya peke yake, hubweka akiwa kazini, wakati spanieli wengine huwinda kimya. Ni adimu hata hapa Uingereza. Nimenyoa mmoja tu, na nilimpigia simu mwenzangu aje kumwona. Mwaka 2009 Sussex aitwaye Stump, mwenye umri wa miaka 10, alishinda maonyesho ya Westminster kule New York, mbwa mzee kuliko wote waliowahi kushinda pale.

Mwenye miguu ya kawaida, kichwa kirefu cha kiungwana, kimo cha 46: huenda ni Field. Zamani alizalishwa kwa ajili ya maonyesho mpaka akawa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu kupita kiasi, hafai kupita hata juu ya gogo. Wafugaji walilazimika kumrudisha nyuma. Na kama uko Marekani, hasa majimbo ya kusini, mbwa wa kahawia anayetaka kuruka majini wakati wote ni Boykin, mbwa rasmi wa jimbo la South Carolina tangu 1985. Nje ya Marekani sijamwona.

Koka wa Kiingereza ana rangi nyingi kiasi kwamba rangi haikusaidii chochote kwake, isipokuwa jambo moja: koka wa rangi moja hatakiwi kuwa na weupe ila kifuani. Miguu myeupe kwa koka mweusi inaweza kuwa dalili ya mchanganyiko.

Wawili wa kupakatwa

Cavalier na King Charles huchanganywa kwa sababu ya jina, na hakuna sababu ya kuwachanganya kwa sura. King Charles ana uso bapa, pua imeingia ndani, utosi wa mviringo. Cavalier ana mdomo unaoonekana, fuvu karibu bapa kati ya masikio, na ni mkubwa zaidi, kilo 5 na nusu hadi 8.

Mfalme Charles II wa karne ya 17 alikuwa na spanieli wadogo wenye pua. Tunawaona kwenye picha za zama zile. Baadaye mitindo ikageuka, wakazalishwa na mbwa wenye nyuso fupi, pua ikapotea. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alifika kwenye maonyesho ya Crufts akiwatafuta wale wa zamani, hakuwakuta, akatoa zawadi ya pauni 25 kwa atakayeleta spanieli mwenye pua ya kale. Watu walimcheka. Pauni 25 zilikuwa pesa, hata hivyo, na mwaka 1928 klabu ya Cavalier ikaundwa. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi 1945.

Rangi zao ni nne: nyeusi yenye hudhurungi, nyekundu yote, rangi tatu, na nyeupe yenye mabaka mekundu iitwayo Blenheim. Mtazame Blenheim katikati ya utosi. Wengine wana doa jekundu la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kama aliyewekewa alama ya wino kituo cha kupigia kura.

Nasema hili bila kuzunguka: Cavalier ni mbwa mpole kuliko wote ninaowashika, na ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote. Vali ya moyo wake huharibika mapema. Wengi wana fuvu dogo kuliko ubongo, maji hujikusanya kwenye uti wa mgongo, na utamwona anajikuna hewani karibu na shingo bila mguu kugusa ngozi. Norway, mahakama ziliamua kwamba kuwazalisha kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, na mwaka 2023 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaukubali uamuzi huo. Anayekuuzia Cavalier bila cheti cha moyo cha wazazi wote wawili anakuuzia deni.

Hatua ya 6: Wa kazi au wa maonyesho?

Mbwa wawili wanaweza kuwa na cheti cha koka wa Kiingereza, wote halali, na usiamini kama ni ndugu. Mmoja ana masikio hadi kifuani, mdomo wa mraba, manyoya ya hariri. Mwingine ni mwembamba, fuvu bapa, masikio mafupi yaliyoota juu zaidi, manyoya machache, na macho yasiyotulia. Huyo wa pili ni wa mstari wa kazi. Akiwa wa rangi ya dhahabu watu humwita "golden retriever mdogo". Masipringa nao wamegawanyika hivyo hivyo, pengine zaidi.

Tofauti hii ina uzito kuliko ya aina na aina. Springa wa kazi ndiye polisi na majeshi wanayemtaka kwa kunusa mabomu. Buster, springa wa jeshi la Uingereza, alifichua silaha zilizofichwa kule Safwan, Iraki, mwaka 2003 na akapewa medali ya Dickin, nishani ya wanyama wa vitani. Sasa mchukue mbwa wa namna hiyo umfungie kwenye nyumba ya vyumba viwili kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Atajitafutia kazi mwenyewe, na kazi hiyo itakuwa sofa.

Muulize muuzaji wazazi wanafanya nini. Uliza jina la maonyesho au la mashindano ya uwindaji waliyoshiriki. Mwenye mbwa wa kweli hafungi mdomo ukimuuliza hilo. Utatafuta namna ya kukata simu.

Neno fupi juu ya mkia. Usiutegemee. Uingereza imezuia kukata mikia tangu 2007 isipokuwa kwa mbwa wa kazi, Marekani bado wanakata, kwa hiyo mkia mfupi unakwambia zaidi kuhusu nchi na mfugaji kuliko kuhusu mbwa.

Hatua ya 7: Kabla hujatoa pesa

Mwone mama wa vitoto akiwa amesimama, si kwenye picha. Mpime. Kiangalie kichwa chake ubavuni. Kwa Kenya, mbwa wa ukoo husajiliwa na East Africa Kennel Club. Soma namba kwenye cheti na ulinganishe na ya mikrochipu ya mama, maana cheti cha mbwa mwingine ni rahisi kupatikana. Kwa koka omba kipimo cha macho na cha jeni la ugonjwa wa figo unaowapata koka wa Kiingereza. Kwa springa na Clumber omba macho na nyonga.

Kisha ufikirie masikio, hasa kama unakaa pwani. Sikio la spanieli ni mlango uliofungwa: joto na unyevu vinabaki ndani, na Dar au Mombasa vitu hivyo havikosekani. Kila wiki liinue sikio uinuse. Sikio zima halina harufu. Likinuka kama unga uliochacha, au mbwa akitikisa kichwa mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na usiingize vijiti vya pamba. Punguza manyoya ya upande wa ndani, karibu na tundu, ili hewa ipite. Chakula kiweke kwenye bakuli refu lenye mdomo mwembamba, masikio yabaki nje. Akitoka kichakani pekua kati ya vidole na kwenye mikunjo ya masikio. Kupe hupenda hapo, na mbegu za nyasi zenye ncha huingia kwenye ngozi na kutembea.

Springa wa shemeji sasa ana miaka miwili na ushee. Kila alfajiri huteremshwa ngazi zile na kupelekwa ufukweni, anaogelea mpaka achoke, wakirudi shemeji anamkausha masikio kwa taulo ambalo wanawe wamekatazwa kuligusa. Amepungua kitambi, shemeji. Mbwa bado anaitwa Koka, alikuwa ameshalizoea.